Zamu ya Jumuiya

Nikinusa ndizi za kuchoma hapa stendi ya Voi, naiona jioni ile Taveta, zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwa mama wa kijana aliyemuua baba yangu. Jaji alikuwa amemhukumu kijana kunyongwa, na majirani waligoma kwenda kusali pale. Mama yangu alifunika ndizi za moto kwa leso, akanishika mkono.

"Wifi, kweli unaenda kwa hao?" shangazi alifoka.

"Naenda kuomba wasimnyonge. Uhai wa kaka yako haukuwa mali ya kijana yule. Na wake si mali yetu."

Tulipiga magoti watatu tu. Mama akaanza rozari, akamtaja baba, kisha, kwa sauti ileile, akamtaja kijana. Kwa kilio, mwenyeji alishindwa kuitikia. Nikaitikia mimi.