Zaatari ya Mkadam na majembe ya kujitolea

Saa moja unusu asubuhi, Mkadam Hamad, mtunza bustani, amepiga magoti katika bustani ya ofisi moja ya Mji Mkongwe, anaokota mchangani vipande vya zaatari, mmea mfupi wa majani ya kunukia. Uso umemkunjamana. Jana walikuja watu wa kazi ya kujitolea, maana ofisi inatarajia mgeni, wakaparura kila kilichoota.

"Mara ya tatu hii!" anafoka. "Nshawambia si magugu. Wananicheka tu!"

Unguja, uwanja wa watu wenye adabu hufagiwa hadi ukaonekana mchanga na alama za ufagio. Kwa hiyo Mkadam, mwenye miaka hamsini na minne, anagombana na mji mzima.

Zamani hapa palikuwa na ukoka. Wakati wa kiangazi alibeba madebe thelathini ya maji kila siku kutoka mferejini, mpaka mgongo ukamgomea. Miaka michache iliyopita, mwaka 1969, dada yake, Bi Wanu wa Kidichi, alimpa mche wa zaatari itambaayo, aliyokuwa akiiotesha koponi kwa chai ya tumbo. Mkadam akaitandaza chini ya mindimu.

"Haitaki kukatwa, haitaki maji kila siku. Ikitoa maua, nyuki wanajaa. Mindimu hii ilikuwa inapukutisha tu, sasa inazaa. Wanataka nini tena?"

Msimamizi wake, Bwana Msabah, amempa muda hadi kiangazi. Ardhi isipofunikika, ukoka unarudi, na madebe yake.

"Mie sirejei kwenye madebe. Mgongo huu hauna akiba!"

Kinachomchoma zaidi ni kitu kimoja alichokiona jana jioni. Majembe yalipita kila mahali isipokuwa ndani ya duara la mawe yaliyopakwa chokaa linalozunguka mlingoti wa bendera. Humo mna magugu yanayofika gotini, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Magugu yao yanaheshimiwa, zaatari yangu inachimbwa!"

Ndiyo maana leo ana ndoo ya chokaa na mawe arubaini. Anachomeka vipande vyake, anavizungushia mawe, anayapaka chokaa moja baada ya jingine.

Bi Mize, mfagiaji wa ofisi, hukatiza hapa kila asubuhi. Leo anasimama.

"Mzee Mkadam, mawe haya kaagiza nani?"

"Kwani yale ya bendera aliagiza nani?"

Bi Mize anayatazama mawe, anamtazama Mkadam. Kisha anainua ufagio wake, na anapita kwa kuzunguka.

"Umeona?" Mkadam anainong'oneza zaatari yake, akicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kiangazi kitanikuta nimekaa, sina debe mkononi."