Sauti ya Dada Yangu ku Adresi ya Zamani

Sogeeni karibu, mama na papa, munyamaze kidogo, niwaambie ya jana kwetu Katoyi.

Mujukuu wangu anatengeneza site ya internet yenye sauti za watu wa avenue yetu, ile lava ilifunika. Bado inafunguka mu ordinateur, ile kompyuta yake, tu. Nilimwomba sauti ya marehemu dada yangu. Akabonyeza. Kimya.

“Koko, picha yake iko, lakini sauti haionekani.”

“Imepotea?”

Alipitisha kidole polepole juu ya mistari aliyoandika ya kuendesha site, kisha akacheka. “Hapana. Niliitoa mu telefone, iko hapa mu hii ordinateur. Lakini mu site niliacha adresi ya ordinateur ya zamani, ile ilibaki tukikimbia vita. Site inaendelea kuitafuta kule.”

“Usiigombeze,” nikamwambia. “Hata mimi bado naambia motari wa pikipiki anishushe ku nyumba iliyo chini ya lava.”

Akaandika adresi mupya, akabonyeza tena. Dada yangu akaita kama vile yuko jikoni anapakua majani ya muhogo: “Kuja ule, sombe inapoa!”

“Nakuja!” nikajibu, na nilikuwa nimeshasimama.

Basi, vitu vya dada yangu viligawanyika hivi: volkano ilirithi nyumba, mimi kitenge chake, mujukuu sauti. Ile sombe hakuna mutu aliyeirithi.