Chunusi Haachii

Mwanamke mwenye kwato ndiye aliyekuwa rahisi kumtengeneza kuliko wote. Kila dereva wa lori anayepandisha kutoka ziwani kuja Mbinga anazo habari zake. Anasimama pembeni mwa barabara, anaomba lifti, ni mzuri, ananukia, na mnaongea vizuri tu mpaka utupe jicho chini uone kwato za ng'ombe zimetulia kando ya gia. Nikamwambia mtoto wa mjomba kwamba huyu kwenye gemu yetu hana haja ya kupiga teke. Silaha yake ni macho ya mwenzake. Mpinzani akiinama tu kukwepa ngumi, ameona kwato, na mwili wote unakufa ganzi. Ukitaka kumshinda, pigana naye umesimama wima, hata kama anakurushia mawe ya uso.

"Wewe mwanamke una roho mbaya," mtoto wa mjomba akasema, akaanza kuandika.

Yeye ni fundi simu hapa Mbinga mjini, na kutengeneza programu za kompyuta amejifunza mwenyewe kwa kukosea. Mimi nina steshenari mlango wa pili kutoka kwake, na wateja wa kutoa kopi wakipungua, nachora. Sisi ni mabinamu, kwa hiyo ananitukana, namtukana, na hakuna anayekwenda kushtaki kwa wazee. Tulikubaliana kutengeneza gemu ya kupigana ambayo haina hata mpiganaji mmoja wa kutoka ng'ambo na kitambaa chake kichwani. Wote watoke kwenye hadithi tulizotishiwa nazo sisi wenyewe. Sheria niliiweka mimi, na niliisimamia kama mwalimu wa zamu: nguvu ya mpiganaji itoke ndani ya hadithi yake, na udhaifu wake utoke humo humo. Hakuna kubuni ovyo.

Ndiyo maana Mwalimu wa Bwenini, yule marehemu anayetembea koridoni kwa viatu vya mchuchumio katika kila shule ya bweni niliyowahi kuisikia, tulimpa sauti inayofika kabla yake. Unasikia ko, ko, ko upande wa kushoto, unageuka, naye yuko kulia. Msukule hasikii maumivu, unaweza kumpiga mpaka uchoke, lakini aliyemfuga akiangushwa, naye anasimama tu hapo kama jembe lililosahauliwa shambani. Mchawi wa ungo aliruka vizuri sana, na jogoo akiwika alianguka vibaya sana. Vijana wa bodaboda wanaoegesha mbele ya maduka yetu ndio walikuwa wajaribuji wetu, nao walicheka mpaka wakawa wanakosa abiria.

Kisha nikamchora Chunusi, yule jini wa ziwani anayevuta waogaji chini.

Nilimtengeneza kwa uangalifu kuliko wengine. Hana mwili. Kwanza linakuja wingu la wale wadudu wadogo wanaosimama juu ya ziwa kama moshi, linafunika nusu ya kioo. Halafu maji yanapanda, polepole, kutoka kwenye nyayo za mpinzani. Yakifika kiunoni, kitu kinamshika mguu. Basi. Hakuna kitufe cha kujinasua.

Baada ya siku chache gemu yetu ikawa imekufa. Kila kijana alimchagua Chunusi, na kila aliyemchagua alishinda.

"Dada, huyu hachezeki," wakaniambia.

"Mpe udhaifu," mtoto wa mjomba akasema.

"Hana. Sheria ni sheria. Hadithi inasema Chunusi haachii."

"Hadithi inasema, au wewe ndiye unasema? Kama haachii, aliyekalia hicho kiti ni nani?"

Niseme kilichokuwa nyuma ya swali hilo. Baba yangu ni mtu wa Liuli, mama ni wa milimani, Mapera. Nilizaliwa Liuli, na nilipokuwa mdogo, ndiyo kwanza naanza shule, nilikuwa naoga ziwani na wenzangu karibu na mawe, kitu kikanishika mguu. Mpaka leo siwezi kuapa kilikuwa nini. Najua tu kwamba nilivutwa, nikanywa maji, nikaibuka, nikawaona watu wazima wamejaa mchangani wanapiga kelele. Hakuna aliyeingia. Kwa sababu kwetu kuna neno: aliyeshikwa na chunusi hashikwi mkono. Ukimshika, mnakwenda wote. Mvuvi mmoja akasogeza mtumbwi, akanyoosha kafi. Hakuninyooshea mkono, alinyoosha kafi. Nililikumbatia, na mguu ukaachiwa.

Mama alilia kwa shukrani, lakini bibi alitingisha kichwa. "Chunusi haachii," akasema. "Ameahirisha. Huyu mtoto sasa anajulikana."

Wakanipandisha Mapera kwa mjomba, ambako maji makubwa kuliko yote ni kijito unachokiruka. Nimekulia huko. Na tangu wakati huo, kila nikienda Liuli kusalimia, wanawake wenzangu wanashuka ziwani na sabuni zao, mimi naogea ndoo nyuma ya nyumba kama mgonjwa.

Kwa hiyo swali la mtoto wa mjomba liliniuma. Nikamwambia yeye ni mtu wa milimani, ziwa analijulia wapi, tangu azaliwe anaogea beseni.

"Na wewe pia," akajibu.

Nilifunga duka mchana kweupe, nikaenda zangu nyumbani nikiwa nimefura. Hasira yangu yote ilikuwa kwamba alisema kweli. Nilikuwa nimemtengeneza adui kwa mikono yangu, kwa penseli yangu, na bado nilimwogopa hata ndani ya simu. Nikajiapiza kwamba atashindwa. Sikujua kwa njia gani, ila atashindwa kwa haki, kwa sheria ile ile.

Njia niliipata Mapera, wala sikuwa nimeifuata. Nilikwenda kumsaidia mke wa mjomba kupanda maharage. Pale milimani tunalima ngoro: nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana mpaka zifanye vyumba vyumba, halafu udongo unachimbwa katikati na kufunika zile nyasi. Mlima mzima unabaki mashimo mashimo, na matuta yamezunguka kila shimo. Mwaka wangu wa kwanza pale, mtoto wa ziwani, nilipewa mbegu nikapanda zote ndani ya mashimo. Kwetu mchangani mmea unatafutiwa bonde lenye unyevu, sasa nani asingefanya hivyo? Maharage yakaoza yote. Mke wa mjomba alicheka mpaka akakaa chini, na mpaka leo akiniona na mbegu mkononi ananikumbusha.

Siku hiyo alinikumbusha tena. "Juu ya tuta, mwanangu. Shimo si la maharage. Shimo ni la maji."

Mvua ikatukuta hapo hapo. Tulijikinga chini ya mgomba, na mimi, niliyelima ngoro utoto wangu wote, kwa mara ya kwanza nikayatazama maji. Yalikuja kwa kishindo kutoka juu, yakaingia shimo la kwanza, yakatulia. Yaliyozidi yakaingia la pili, yakatulia. Mteremko ule ni mkali kiasi kwamba mbuzi anaufikiria mara mbili, lakini hakuna udongo ulioshuka.

"Yakishuka pamoja yanabeba shamba," mke wa mjomba akasema, akikamua kanga yake. "Yakigawanywa, kila shimo na lake, yatakufanya nini?"

Nilimkumbatia akiwa na matope yake. Akadhani nimeumwa.

Mpiganaji mpya nilimchora usiku uleule wa kurudi? Hapana, nilimchora ndani ya gari, nyuma ya risiti. Mwanamke mwenye jembe na kanga mbili. Hapigi mtu. Anachimba. Maji ya Chunusi yakianza kupanda, kila shimo linakunywa fungu lake, na hayafiki kiunoni kamwe.

"Huyu si hadithi," mtoto wa mjomba akalalamika. "Huyu ni mama yangu."

"Mwambie mtu wa Dar kuna watu wanalima ukutani na udongo haudondoki. Muulize kama hiyo si hadithi."

Siku kijana wa bodaboda alipomshinda Chunusi kwa mara ya kwanza, kelele zilizopigwa zilimfanya mteja wangu aache vyeti vyake kwenye mashine akimbilie nje. Mimi nilipiga kelele kuliko wote. Mtoto wa mjomba peke yake alikuwa ananitazama mimi.

"Maji umeshayavulia nguo," akasema.

Mengine ya methali hiyo hakuyasema, wala hakuwa na haja.

Nilifika Liuli jua likiwa bado kali. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ufukweni analoweka mihogo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ndoo iko nyuma ya nyumba."

"Leo sitaki ndoo."

Aliinuka, muhogo mkononi. Alikuwepo siku ile. Alikuwa mmoja wa wale waliosimama mchangani, na hatujawahi kulizungumza. "Usinifanyie hivyo," akasema. "Unajulikana wewe."

Sikubishana naye. Niliingia kwa mafungu. Kwanza vifundo vya miguu, nikasimama mpaka woga wa hapo ukatulia. Halafu magoti, nikasimama. Nilitetemeka, nasema bila haya, na meno yaligongana juani. Maji yalipofika kiunoni kitu kikanigusa shavu la mguu, samaki au jani, na mwili wote ukataka kukimbia. Nikabaki. Shangazi alikuwa anaita nitoke, anaita na majina ya marehemu wa ukoo. Yakafika kifuani, nikasubiri na hapo. Lilibaki shimo moja tu, nikavuta pumzi, nikazamisha kichwa.

Chini kulikuwa kimya na mwanga. Nikafumbua macho, nikaiona miguu yangu miwili mchangani, mizima, haina kitu.

Ndipo nikashikwa.

Nilishikwa kifundo cha mkono, kwa nguvu ya kuvunja mfupa, nikavutwa juu. Nikaibuka nakohoa. Shangazi alikuwa amesimama majini mpaka kifuani, kitenge kinaelea, kilemba kimekwenda, analia na kunitukana kwa Kinyasa.

"Shangazi," nikasema, "umenishika mkono."

"Nyamaza!"

Tukarudi hivyo hivyo, hatua kwa hatua, na hakuniachia mpaka nyumbani.