Staji Iliyoishia Stesheni

Mwaka ule mgodi ulipoacha kulipa watu wake, mimi nilipata kazi isiyo na mshahara. Kwetu Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, tuliiita staji: unafanya mazoezi ya kazi miongoni mwa waliosoma, ukitumaini kwamba siku moja watakuhesabu pamoja nao. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya migomo, nami nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa masomo ya kilimo. Mradi mmoja wa wageni, uliokuwa na ofisi ya vyumba vitatu, ulinipokea. Walitaka kuokoa msitu na kupunguza umaskini kwa wakati mmoja. Walinipa kamba ya kupimia, daftari na baiskeli, wakanituma kwa wachoma makaa wa njia ya Nzilo nikawaulize kwa nini wanakata miti.

Jibu wenye mradi walikuwa nalo tayari. Mkuu wa mradi, mama wa Kizungu aliyesema Kifaransa polepole ili tumwelewe, aliniambia siku ya kwanza kwamba watu wale hawajui thamani ya msitu, na kazi yetu ni kuwafundisha.

Niliowakuta huko porini hawakuwa watu wa porini. Mmoja alikuwa fundi wa kuunga vyuma, mwingine aliendesha mashine za mgodi kwa miaka kumi na nane. Viganja vyao vilikuwa na malengelenge ya watu walioshika shoka juzi tu. Aliyeijua kazi ile kwelikweli alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane, mtu wa kaskazini mwa Katanga. Nilipofungua daftari na kumsomea swali la kwanza, alinitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Mwanangu, unaniuliza kama ninajua miti?"

Akaniongoza hadi kwenye visiki alivyokata mwaka uliotangulia. Vyote vilikuwa vya urefu wa goti, na kila kimoja kilikuwa na machipukizi.

"Unakata hapa, kwenye goti. Ukikata chini kabisa, unaua. Bale batu ba mujini banakata mpaka mizizi. Si bubaya. Ni njaa, na hakuna mutu alibaonyesha."

Nilipima machipukizi yote. Niliporudi ofisini niliandika kwamba watu hawa hawajakosa elimu, wamekosa mshahara, na kwamba mwalimu wa msitu yupo tayari, anachoma makaa njia ya Nzilo. Mkuu wa mradi alisoma, akavua miwani.

"Sentensi ya mshahara uitoe," alisema. "Hiyo ni siasa. Sisi tunashughulika na mazingira."

"Nilichokiona ndicho hicho, Mama," nilimjibu. "Siitoi."

Sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa hivyo. Lakini sentensi ilibaki.

Wiki chache baadaye wakubwa wa jimbo walianza kusema kwenye mikutano kwamba watu wa Kasai wamekula mkate wa Katanga vya kutosha, warudi kwao. Babu yangu aliletwa na kampuni kwa treni kutoka jimbo la Kasai, kuja kuchimba shaba. Baba alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi, akawa karani wa ghala. Mimi nilizaliwa hospitali ileile ya mgodi. Kasai niliijua kwa mapishi ya bibi tu. Walituita bilulu, yaani wadudu, na neno hilo likaandikwa kwa chaki kwenye mlango wetu. Asubuhi moja vijana waliingia, wakakaa kwenye viti vyetu sebuleni, wakangoja tumalize kufunga mizigo. Mmoja alimwomba mama maji ya kunywa. Mama alimpa.

Kabla hatujatoka, msimamizi wangu wa ofisini, kijana wa Katanga tuliyezoea kula naye mchana, alikuja hadi mlangoni. Hakuingia.

"Dada, kazini usikuje tena," alisema akitazama chini. "Mkuu anasema ripoti itatoka kwa jina langu. Ni kwa usalama wako."

Nilikwenda ofisini siku ileile, kwa miguu. Mkuu wa mradi alikuwa akipanga karatasi kwenye masanduku. Wageni wote walikuwa wameambiwa waondoke nchini. Nilimwambia kwamba jina langu kwenye ripoti halinihatarishi, kwa sababu wanaotufukuza wanaijua nyumba yetu, wamekalia viti vyetu. Nikachukua daftari langu na kamba yangu mezani.

"Vitu hivyo ni vya mradi," alisema.

"Na miguu iliyopima ni yangu," nikasema, nikatoka navyo. Hakunifuata.

Stesheni tulikuta maelfu ya watu. Treni ya kutupeleka Kasai ilisemekana itakuja kesho. Ilichukua wiki nyingi. Tulilala chini ya shuka na maturubai, tukapika kwa mawe matatu, na miti ya kando ya reli ikaisha katika siku tisa. Kisima kilikuwa kimoja, na watu walijisaidia hatua chache tu kutoka hapo. Watoto wakaanza kuhara.

Nilitoa kamba yangu. Nilipima umbali kutoka kisimani, upande maji yanakoteremkia, nikachora mistari kwa fimbo, nikaenda familia kwa familia kuwaomba wanaume waje kuchimba.

"Binti, tunaondoka kesho," mzee mmoja alinijibu. "Choo cha nini?"

"Kesho hiyo tunaambiwa kila siku, Tata. Watakaotukuta hapa wasitukute tukiishi kama wadudu, kama wanavyotuita."

Mzee akainuka kutafuta sepetu. Wanaume wale walikuwa wametumia maisha yao yote kuchimba. Mashimo yao yalikuwa na kuta zilizonyooka kama za nyumba. Baba, ambaye bado alivaa tai kila asubuhi, aliandika zamu za kisimani na kuzisimamia kama alivyosimamia ghala. Hata hivyo tulizika watoto nyuma ya banda la mizigo. Sitasema tuliwaokoa wote.

Kuni zilipokwisha, maji hayakuchemshwa tena. Hapo ndipo alipotokea yule mjane wa njia ya Nzilo. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, naye alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya makaa. Langoni walisimama vijana wenye fimbo.

"Mama, unauzisha bilulu makala?" mmoja alimuuliza.

"Siuzishi. Ninabapelekea."

"Sababu ya nini?"

"Huyu mutoto alikuja kuniuliza namna ninaishi," alisema, akininyooshea kidole. "We tunakaa avenue moja, na hauyaniuliza hata siku moja."

Kijana aliipiga baiskeli teke ikaanguka. Mjane akaiinua, akakung'uta kitenge chake, akapita katikati yao. Hakuna aliyemgusa. Alikuja mara tatu. Mara ya nne hakuja, na mpaka leo sijui kwa nini.

Treni ilipofika tulipanda mabehewa ya mizigo, yasiyo na paa. Tulifika Kasai tukiwa tumekauka midomo. Kwenye meza ya mapokezi palikuwa na karani mwenye fomu, na kila mtu alitakiwa kutia sahihi chini ya neno "aliyerudi".

"Sijarudi," nilimwambia. "Sijawahi kufika hapa. Andika nimefukuzwa."

"Fomu haina nafasi hiyo."

"Basi sitii sahihi."

Nyuma yangu baba alirekebisha tai yake iliyojaa masizi. "Hata mimi sitii," alisema. Mama akasema vivyo hivyo, na mwanamke aliyekuwa nyuma ya mama, mwenye mtoto mgongoni. Foleni ilisimama. Karani alitutazama, akaitazama foleni iliyozidi kurefuka juani, akapumua. Kisha akakata lile neno kwa kalamu, akaandika juu yake, kwa herufi kubwa, neno nililomwambia. Nikasoma, nikatia sahihi.