Askari wa Mwavuli

Babu yangu mzaa baba alipigana vita vya Mjerumani akiwa askari wa mwavuli. Hayo ndiyo maneno tuliyorithi kwake, na hatukurithi kingine. Baba alikuwa na miaka minne babu alipofariki, kwa hiyo sentensi hiyo aliipokea tupu akaijaza mwenyewe. Aliijaza siku alipokwenda sinema Unguja, akaona wanajeshi wakiruka kutoka kwenye ndege na miavuli yao ikifunguka angani. Aliingia ukumbini yatima, akatoka mtoto wa shujaa.

Tulipohamia London baada ya mapinduzi, hadithi ilishaota mbawa. Baba alipata kazi ya usafi uwanja wa ndege, tukakaa Hayes, na kila ndege iliyopita juu ya paa ilimkumbusha jambo jipya. Waingereza, alisema, walikuwa na puto refu lenye injini, likichukua askari arubaini na mpishi. Alfajiri moja walifika juu ya ngome ya Mjerumani, wakapiga bismillahi, wakajirusha. Mjerumani bado alikuwa anapiga mswaki. Bahati mbaya upepo ukageuka, robo saa tu, ukawamwaga wote kwenye mikoko, na mpishi akanasa juu ya mnazi siku mbili na sufuria lake.

Mzee mmoja wa Mombasa, mwenzake wa kahawa baada ya sala ya Ijumaa, alimwambia kwamba zama zile hakuna jeshi lililotupa watu kutoka mbinguni. Baba akamuuliza kama yeye alikuwepo.

Mimi nina ulimi, na mpishi yule nimemcheka miaka. Robo saa sikuicheka, kwa sababu Baba aliishikilia kwa mikono miwili. Upepo ule usingegeuka, alisema, vita vingekwisha kwa wiki moja, Mwingereza asingechoka, uhuru ungekuja polepole, mapinduzi yasingetokea, na sisi tungekuwa kwetu Unguja wala tusingejua Hayes ni nini. Mnyororo huo sikuuelewa hata siku moja. Nilielewa tu kwamba mtu akifukuzwa kwao anataka ajue ni nani wa kumlaumu, na upepo haumgombanishi na mtu.

Basi binti yangu, miaka tisa, mzaliwa wa Tottenham, anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akapewa homework: hadithi ya familia kutoka vita vya kwanza vya dunia, na mzee wa nyumbani aje kuisimulia mbele ya shule. Baba alisimulia jioni nzima, mtoto akaandika. Aliposoma alichoandika, babu yetu alikuwa "umbrella soldier", na kando yake kuna picha ya mtu mwembamba mwenye kofia, mkono wa kulia juu, ameshika mwavuli wa mvua wenye mpini wa kupinda.

Baba alikasirika. Aliniambia nimelea mtoto asiyejua parachuti. Akamwamuru afute. Mtoto akamjibu, kwa kile Kiingereza chake, kwamba yeye Babu mwenyewe ndiye aliyesema mwavuli, na hakufuta.

Jumapili kabla ya siku yenyewe Baba akamwita dada yake mkubwa kutoka Peckham, aje kwangu kumsikiliza akifanya mazoezi. Shangazi alikaa na kipande cha mkate wa kumimina, akasikiliza puto, bismillahi, mswaki na mnazi. Kisha akauliza ni nani huyo aliyeanguka.

"Baba yetu," Baba akasema.

Shangazi alimaliza kutafuna kwanza. "Baba alikuwa akimshikia Mzungu mwavuli wa jua. Huku na huko, porini, miaka miwili. Alivyorudi mkono hauteremki sawasawa, sisi watoto tukitundika kanga hapo. Askari wa mwavuli ni mzaha wa mtaani. We ulikuwa mdogo, huwezi kujua."

Mzaha wenyewe ulikuwa mzuri, na mimi sikupata hata cheko moja.

"Na upepo?" Baba aliuliza.

"Upepo gani?"

Baba akasema haendi shule yoyote. Aseme nini huko, kwamba baba yake alikuwa kivuli cha mtu? Nilimhurumia hadi nikaudhika. Shangazi akavuta karatasi ya mtoto mezani, akaiangalia, akaweka kidole juu ya ule mkono ulioinuliwa. "Ndiye huyu," akasema. Katika ukoo mzima, aliyetafsiri sawa ni yule asiyezungumza Kiswahili.

Siku ilipofika Baba alitokea na kanzu, koti, na mwavuli wangu wa maua, maana wake aliusahau kwenye treni. Alisimama mbele ya watoto, akaufungua, akanyoosha mkono juu, akabaki hivyo. Watoto walicheka. Dakika zikapita, mkono ukaanza kutetemeka, kicheko kikaisha chenyewe. Baba akasema, na binti yangu akafasiri: "Miaka miwili."

Tulirudi kwa basi. Mimi kimya siwezi, nikamchokoza. Nikamuuliza, je, kama Mzungu yule angejishikia mwavuli wake mwenyewe, sisi leo tungekuwa wapi?

Alilifikiria swali hilo kutoka kituo kimoja hadi cha pili, mwavuli wa maua uliolowa mvua ukimdondoshea matone magotini.

"Kwetu," alisema.