Kibuyu cha Andati na Mvua ya Riat

Kuna wasichana wa shule jirani ambao hadi leo wakinikuta hapa Kisian hawaniiti Oti, wananiita Uji, na kabla hamjaanza kuuliza, acha niseme mwenyewe, kwa sababu rafiki yangu Brayo akiwasimulia ataongeza chumvi, na hii stori bana haihitaji chumvi.

Zilikuwa mbio za mlimani, zile za kupanda Riat kwa njia za ng'ombe, unazunguka yale mawe makubwa huko juu, halafu unashuka hadi uwanja wa shule ya msingi. Sita wa kwanza wanapelekwa Kakamega kwenye mbio kubwa na basi la shule, wanalala huko, wanakula chapati. Watano walijulikana hata kabla ya kukimbia, hao wamezaliwa na miguu ya swala. Nafasi ya sita ilikuwa vita yangu na Andati, na mimi nilikuwa nimeshamwambia mama, na dada zangu, na hata yule mama anayeuza omena, vile visamaki vya ziwani, karibu na kwetu, kwamba ninaenda.

Sasa, Andati ni wa Bunyore. Kama hutoki huku, jua kwamba Bunyore kuna koo zinazosemekana kuita mvua, na Mnyore yeyote, hata kama babake anatengeneza baiskeli, lazima ataulizwa mvua iko wapi. Wenzake hukataa. Andati hakataagi. Ukimnyima sukari anakuangalia polepole, anasema, "Sawa bwana. Si umeanika nguo?" Na nguo zangu zilinyeshewa, si mara moja. Halafu kwenye matope jamaa hukimbia kama bata, ilhali mimi matope yakinigusa tu ninaanguka. Unganisha hayo mawili uniambie kama ungelala.

Ilikuwa mwezi wa tano, wakati mvua ya huku haijui inakuja ama inaenda. Asubuhi jua lilikuwa kali, ziwa limetulia. Nikamwona Andati akinyemelea nyuma ya choo, amefumbata kitu ndani ya sweta. Nikamfuata (mtu yeyote angemfuata). Akatoa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi la mahindi, akanong'ona kitu, akalizungusha lile gunzi, kikatoa sauti, fyuuu, akaangalia kushoto na kulia, akakiziba. Na wakati huo huo upepo ukatoka ziwani, hamtaniamini, lakini ukatoka.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nimekuja kukojoa."

"Na kibuyu?"

"Cha nyanya yangu. Endelea na maisha yako, omera."

Mnyore kuniita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, kama mtoto wa Seme. Hilo peke yake lilikuwa ushahidi.

Mwalimu Odera, mwalimu wa michezo, akamwita akaandikwe namba mkononi, na Andati akaacha sweta kwenye nyasi, kibuyu ndani. Nikafikiria. Nikimwambia mwalimu, nitasema nini, kwamba Andati amekuja na mvua? Nikikificha, mtu atakipata akifungue. Mahali pekee salama ni mwilini mwangu. Basi nikakichomeka nyuma, ndani ya kaptura, nikakifunga kwa kamba ya kiatu, fulana juu, na nikakigeuza mdomo uangalie chini, kwa sababu nilijiambia mvua iliyoelekezwa chini haiwezi kupanda mawinguni. (Hesabu napata E, lakini mantiki ninayo.)

Firimbi ikalia, tukapanda. Nusu ya mlima kulikuwa na jua. Tulipofika kwenye mawe, wingu jeusi likapanda kutoka upande wa ziwa, na kabla sijamaliza kushtuka, mvua ya mawe ikatuangukia kama kokoto. Wengine walijificha chini ya miamba. Mimi nilijua tatizo ni gunzi limelegea. Nikakichomoa kibuyu, nikaokota jiwe, nikaligonga gunzi likazama, nikakirudisha, mdomo chini. Na mvua ikaacha. Kabisa. Jua likarudi, njia ikaanza kutoa mvuke, na mimi nikajua nimeokoa kaunti nzima.

Nikaanza kushuka, wa sita, nikiruka mawe, kibuyu kikinigonga mgongo, gwa, gwa, gwa. Nyuma nikasikia pumzi za Andati.

"Oti, umeona kibuyu changu?"

"Kibuyu gani?"

"Bwana, kama unacho, kifungue kidogo kipumue."

"Ndio unachotaka," nikamwambia, nikaongeza mbio. Kipumue. Ati kipumue, ndio tunyeshewe tena.

Tukaingia uwanjani. Wazazi wamejaa, wasichana wamepanga mstari, utepe ule pale, unauona. Na hapo ndipo kibuyu kikalipuka, pu, kama tairi ya bodaboda, na kitu cha moto kwa jua, kizito, cha rangi ya udongo, kikateremka ndani ya kaptura, kikapita mapajani, kikafika kwenye soksi.

Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Halafu msichana mmoja akasema, taratibu kabisa, "Woi, huyu ameshindwa kujizuia."

Bado ningekimbia, naapa, lakini Anti Prisca, nesi wetu wa huduma ya kwanza, alinidaka kiunoni kama kuku. Huku kwetu kando ya ziwa, mtoto akiharisha hadharani hakuna mchezo.

"Wuoda, mwanangu, tulia. Leteni maji ya chumvi na sukari. Msimguse, inaweza kuwa kipindupindu."

"Anti, siharishi."

"Wote husema hivyo."

Andati akapita. Nikamwona akivuka utepe, wa sita, na nikawa na mambo mawili ya kuchagua: niwe na kipindupindu, ama niseme ukweli. Nikasema ukweli, kwa sauti, mbele ya watu wote:

"Ni uji! Ni uji wa Andati!"

Msiniulize kwa nini nilidhani hiyo itasaidia.

Andati alikuja akihema, akaangalia vipande vya kibuyu, akaniangalia mimi. "Uji wa wimbi uliochacha," akamwambia mwalimu. "Nyanya aliniwekea ninywe nikimaliza. Lazima uufungue kila saa utoe hewa, ama unakipasua kibuyu. Lakini huyu alikuwa anaogopa mvua."

"Mvua?" akauliza mwalimu.

Nikaangalia mbingu. Nilitaka inyeshe, hata ya mawe, initoe ule uji miguuni. Jua likawaka tu.

Andati akainama sikioni kwangu. "Ungeniachia kibuyu, ningekuombea mvua kidogo."

Kakamega nilienda. Mwalimu Odera alisema kwa vile napenda kubeba vyombo vya watu, nitabeba maji ya timu. Na kabla ya mbio Andati akanipa kibuyu kipya cha nyanya, akasema nishike, akakimbia. Kulikuwa na jua, isipokuwa kiwingu kimoja kidogo juu ya uwanja, na sijui kilitoka wapi. Nikakishika kibuyu kwa mikono miwili, mdomo juu, mbali na kaptura, na kila baada ya muda nikakifungua kidogo kipumue.