Kuku Aliyebaki Kwenye Buti

Wanaonifahamu hapa Bariadi watasema nimetunga, maana utani ndiyo kazi yangu ya pili baada ya kukaa nyumbani. Waseme tu. Hata shangazi yangu hakuniamini, na mwenye kuku ni yeye. Lakini haya yalinipata mimi, jua likielekea kuzama, nikiwa na akili zangu zote za kidato cha nne, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi ya chai.

Mimi ni mtu wa kochi. Mke wangu husema siku nikifa wanizike nalo, maana kutuachanisha itakuwa ukatili. Safari yangu kubwa ni kwenda Nkololo kumsalimia shangazi, dada yake marehemu baba. Na kwetu unajua ilivyo: mgeni haondoki mikono mitupu. Unakwenda kusalimia, unarudi na kuku mzima, kafungwa miguu.

Safari ile shangazi alinipa mtetea wa madoadoa meusi na meupe. Akamfunga miguu kwa kipande cha kitenge cha kijani, akaniambia, "Huyu si wa kuchinja. Mfuge. Akitotoa utaniletea kifaranga kimoja cha kike, mbegu isipotee."

Nikamlaza kwenye buti la kigari changu, nyuma ya gunia la michembe, viazi vitamu vya kukausha. Nyumbani nilifika jua linachoma kama lina ugomvi na mtu. Nikashusha michembe, nikamwambia mke wangu mengine nitashusha baadaye, nikaenda kujinyoosha.

Utauliza, mtu anasahauje kuku? Waulize wanaoishi na mimi. Nilipoamka nilikumbuka chai.

Gari likabaki uani, juani, maana mimi sina ninapokwenda. Jioni tukasikia kuku analia, sauti kama inatoka mbali. Asubuhi tena. Mke wangu akauliza, "Huyo kuku ana nini?" Nikamjibu, "Si kuku wa jirani huyo," nikageukia upande wa pili. Naomba ulishike neno hilo, maana mimi halijaniachia mpaka leo.

Nilikuja kufungua buti siku jirani alipoomba jeki. Sitakueleza nilichokiona. Nilimzika mwenyewe karibu na mpapai, na kile kitenge kikiwa bado miguuni, kwa sababu mikono ilikataa kukifungua. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama. "Ulisema wa jirani," akasema. Basi. Bora angenitukana.

Halafu ikaja harufu. Nilivua zulia la buti nikalisugua kwa sabuni ya unga, nikalianika. Nikapitisha siki. Nikakamua ndimu. Nikaweka bakuli la mkaa, nikaweka kahawa ya unga, nikafukiza udi mpaka jirani akaniita bwana harusi. Nikaacha milango wazi kutwa nzima, mbu wakahamia humo na familia zao. Nikimaliza, gari linanukia vizuri kabisa. Nikifunga milango na kufungua tena, yuko pale pale. Waosha magari walilipokea mara moja tu. Mara ya pili waliniona kwa mbali wakaanza kufunga maji.

"Kaka, umebeba nini humu?" mmoja aliniuliza, kashika pua.

"Mambo ya familia," nikasema. Akacheka. Mimi sikucheka, na hilo si kawaida yangu.

Kumbe harufu ilikuwa nafuu. Simu ndiyo iliyokuwa mbaya. Shangazi akipiga, salamu fupi, kisha: "Mtetea wangu hajambo?" Nikasema hajambo. Ameanza kutaga? Anataga. Ameatamia? Tena kwa bidii, shangazi. Nikampa vifaranga. Nikampa na mwewe aliyewawinda akakosa. Niamini, yule kuku aliishi vizuri kwenye simu kuliko kuku yeyote wa Simiyu.

Mpaka siku aliponipigia kwa sauti ndogo. "Mwanangu, mdondo umepita hapa. Banda lote. Hakubaki hata jogoo. Lakini namshukuru Mungu yule nilikupa wewe. Ile mbegu ya mama yangu ipo. Niletee hata kimoja nianze upya."

Sasa ungefanya nini? Mtu mzima angesema kweli. Mimi nilikwenda sokoni nikanunua vifaranga vya madoadoa vilivyokua kidogo, nikaviweka kwenye tenga kiti cha mbele, nikashusha vioo vyote kwa ajili ya harufu, nikashika njia ya Nkololo.

Katikati ya mashamba ya pamba, mwanamke alinipungia. Mtu mzima, peku, kajifunga kanga ya madoadoa meusi na meupe, kasimama miguu imebanana. Nikasimama. "Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa heshima ya kwetu kwa mama.

Alilizunguka gari kwa kurukaruka kidogo kidogo, nikadhani ni mlemavu, akaenda kusimama nyuma, mbele ya buti. Akangoja.

"Mayu, huko ni kwa mizigo," nikamwambia, nikashuka kumfungulia mlango.

"Napajua," akasema.

Nikacheka. Unaona ubaya wa utani? Ukiuzoea, unadhani kila mtu anakutania.

Akakaa kiti cha nyuma. Kila aliyewahi kuingia gari lile alikunja uso. Yeye alivuta pumzi kama mtu aliyerudi chumbani kwake. Vifaranga vyangu vya kununua vilijikunja ndani ya tenga, kimya.

"Nina kiu," akasema.

Nikampa chupa yangu ya maji. Nikamtazama kwenye kioo. Alichota kidogo kwa midomo, akainua uso juu, akayaacha yateremke. Akachota tena. Akainua tena. Umewahi kuona mtu anakunywa hivyo? Mimi nimeona, ila si mtu.

"Kulikuwa na joto," akasema. "Nilikuita."

"Uliniita wapi, mayu?"

"Jioni nikakuita. Asubuhi nikakuita. Ukasema kuku wa jirani."

Sijui nilisimamishaje gari. Nakumbuka nimepiga magoti kwenye vumbi, mlango wa nyuma uko wazi, na yeye amenyoosha miguu nje. "Nifungue," akasema. Kwenye vifundo palikuwa na kipande cha kitenge cha kijani, kimekazwa fundo la shangazi yangu. Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningekimbia. Alisema kama anayeomba kitu kidogo sana, ambacho mtu yeyote angekifanya siku ya kwanza.

Nilifungua. Akashuka, akajinyoosha, akaingia kwenye pamba kuelekea kwa shangazi, akitembea hatua ndefu. Nilibaki na kitambaa mkononi. Na ndani ya gari, nakuapia, harufu haikuwepo.

Kwa shangazi nilifika nimeshaamua kusema kweli. Nikamkuta uani anapiga makofi kama msichana. Pembeni yake, kwenye kibakuli cha maji, mtetea wa madoadoa alikuwa anachota, anainua shingo, anachota.

"Umemshusha wapi? Amekutangulia!" akasema. "Na amenona!"

Nikamwambia yote. Buti, joto, mpapai, uongo wa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe tangu utoto! Alikufa? Basi huyu anayekunywa maji ni nani?" Akakiona kitambaa mkononi mwangu. "Na kamba yangu umeitunza. Mtoto mzuri wewe."

Hapo ndipo nilipolia. Akadhani ni furaha.

Mke wangu ananiambia nikafukue pale kwenye mpapai nijue moja. Sijafukua, na sitafukua. Vile vifaranga vya sokoni nilimwachia shangazi, sasa ana banda lililojaa, na nikimtembelea, yule mtetea huja kulala chini ya buti la gari langu. "Amekupenda," shangazi husema. Mara nyingine nimejaribu kumweleza. Huwaita majirani waje nao wacheke.

Juzi alinipa mmoja wa uzao wa yule mtetea. Nilikuja naye kiti cha mbele, miguu haijafungwa, bakuli la maji chini, akinyea kila mahali hadi Bariadi. Gari linanuka kinyesi cha kuku hai. Sijalisafisha. Nikiingia, navuta pumzi kwanza ndipo nawasha.

Kwa hiyo wewe unayesoma umejilaza kama mimi: ukisikia kuku analia karibu na kwako, usiseme ni wa jirani. Inuka kwenye kochi ukatazame.